Usalama wa mgonjwa au wa muuguzi? Jibu kwa mjumbe wa kamati ya kituo cha afya

Swali: Sista, mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo chetu cha afya huku Eastlands, Nairobi. Wakati wa korona wauguzi wetu walitupokea kwenye meza langoni, wakatupima joto kwa mbali, wakapunguza siku za kliniki, na baadaye wengine wakagoma. Sasa tunaandaa mpango wa kukabili mlipuko mwingine ukitokea, nao wametuletea orodha ndefu ya mahitaji, wakisema yote ni ya usalama wa mgonjwa. Wajumbe wenzangu wanasema ni ya usalama wao wenyewe. Nani anasema kweli, na tuwaulize nini kabla ya kupitisha fedha?

Jibu: Mama, asante kwa swali lako, hasa kwa kuwa umeliuliza kabla ya kura kupigwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Mwaka 2020 nilikuwa katika kituo cha ngazi ya 3, yaani kituo cha afya kama chenu, hapa Nairobi, nikikaa upande wa pili wa meza kama hiyo unayoitaja, na siku hizi kazi yangu ni kuzunguka vituoni kuangalia ubora wa huduma pamoja na wale wanaoitoa. Maoni yangu ni kwamba orodha ya wauguzi wenu ni halali, lakini kama ina barakoa na glavu peke yake, basi bado haijafika kwa mgonjwa. Madhara mengi niliyoyaona mwaka ule hayakuletwa na kukosa barakoa. Yaliletwa na macho yetu sote kugeukia ugonjwa mmoja hadi tukaacha kuona mengine, na waliokuwa wakiyaona yakipita ni wauguzi, ingawa hakuna aliyewauliza.

Usalama wa mgonjwa maana yake ni kwamba mtu aliyekuja kutafuta tiba asiondoke na madhara yaliyotokana na huduma yenyewe: dawa isiyo yake, vijidudu kutoka mikononi mwetu, ugonjwa uliopitwa bila kutambuliwa, rufaa iliyochelewa. Sehemu kubwa ya elimu hii imetoka hospitali kubwa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, kwa mfano, uliangalia wagonjwa wa upasuaji katika hospitali za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ukaonyesha kwamba kila mgonjwa aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi mmoja aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Hospitalini mgonjwa yuko kitandani na madhara yake yanaonekana. Katika zahanati au kituo cha afya tunakaa naye dakika kumi, kisha anarudi Mukuru au Dandora, na akidhurika anadhurikia nyumbani kwake. Sisi tunajua tu kwamba hakurudi. Kwa sababu hiyo muuguzi wa huduma ya msingi huwa anabeba kichwani orodha ya watu ambao hawakurudi, na wakati wa janga orodha hiyo ilirefuka.

Nikueleze kisa kimoja. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza, na tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa. Asubuhi moja ya Aprili hiyo mama mjamzito alifika langoni amejifunika leso kichwani hadi kwenye nyusi. Mwenzetu wa mezani alimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, kikasoma 36.4. Akamwuliza kama amesafiri nje ya nchi, kama ana kikohozi, kama amekaa karibu na mtu mwenye korona, na mama akajibu hapana mara tatu. Akapewa nambari, akaonyeshwa benchi ambalo tulikuwa tumelipiga alama za rangi ili watu wasikaribiane. Alikaa pale muda mrefu. Nilimwona kwa sababu nilikuwa napita kuelekea bombani: kila jua lilipomfikia usoni alivuta leso na kufumba macho kwa nguvu, kama mtu anayechomwa na mwanga. Nilipomwuliza anasikia nini, alisema kichwa kinamgonga tangu usiku, na kwamba alitaka kulisema hilo pale mezani lakini aliulizwa mengine. Tulipompima, presha yake ilikuwa 170 kwa 110. Kwa mjamzito, presha ikifika 160 kwa 110 ni dharura, kwa maana anaweza kushikwa na kifafa cha mimba wakati wowote. Tulimdunga magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho, tukamtafutia gari, akajifungulia salama katika hospitali ya rufaa.

Meza ile ilifanya kila jambo iliyoagizwa kufanya. Mwenzangu hakuruka swali hata moja. Ni maswali yenyewe yaliyomkosa mgonjwa. Tangu siku hiyo tuliongeza maswali yetu ya zamani ambayo janga lilikuwa limeyasukuma kando. Kwa mjamzito tuliuliza kuhusu kichwa kuuma, kutokwa damu na mtoto kupunguza kucheza. Kwa mtoto mchanga tuliuliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea kupita kawaida. Pia tulihamishia mashine moja ya presha langoni, na kwa kuwa tulikuwa na mbili tu, chumba cha kliniki kikabaki na moja iliyokuwa na betri dhaifu. Kwa hiyo ukiona mashine ya presha kwenye orodha ya wauguzi wenu, usidhani imeingia huko kwa bahati mbaya.

Sasa nizungumzie glavu, maana hapo ndipo wajumbe wenzako wana hoja kidogo. Mwenzangu mmoja, mtu wa bidii sana, alikuwa akizivaa asubuhi na kuzivua saa ya chai. Nilisimama siku moja chumba cha chanjo nikamtazama: vidole vile vya buluu vilishika paja la mtoto, vikashika kalamu, vikafungua rejista, vikafunua kisanduku cha barafu cha chanjo, kisha vikarudi kwenye paja la mtoto wa pili. Hakuwa mzembe, alikuwa na hofu, na glavu ilimtuliza. Lakini glavu isiyobadilishwa inambeba mgonjwa wa kwanza hadi kwa wa pili. Kumdunga mtoto chanjo kwenye ngozi isiyo na jeraha hakuhitaji glavu. Kunahitaji mikono iliyosafishwa, kwa dawa ya spiriti kwa sekunde 20 hadi 30, au kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kabla ya kila mtoto. Na nani hapa Nairobi asiyejua mgao wa maji? Bomba likikauka siku mbili mfululizo, muuguzi atakimbilia glavu kwa sababu hana kingine. Tangi la maji lenye bomba linalofikika karibu na chumba cha chanjo litazuia maambukizi mengi kuliko maboksi kumi ya glavu, na likilinganishwa na bei ya glavu za mwaka mzima si ghali. Kama orodha ina glavu bila tangi, waulizeni kwa nini.

Barakoa nayo, ambayo nilishukuru kila siku kwamba tulikuwa nayo, ilileta hatari ambayo sikuitarajia, nayo inatokana na lugha yetu wenyewe. Muuguzi akimpa mgonjwa dawa ya kumezwa mara tatu kwa siku humwambia, "Meza kimoja kila baada ya saa nane." Maneno hayo yakipita kwenye barakoa, na ngao ya plastiki juu yake, na umbali wa mita moja na nusu, na matatu zikipiga honi nje, mzee mwenye masikio mazito husikia "meza kimoja saa nane." Basi anakwenda nyumbani anameza kidonge kimoja, mchana, mara moja kwa siku, wala halaumiwi, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Mzee mmoja alirudi baada ya siku tano akiwa na vidonge vingi mkononi na kidonda cha mguu kimezidi, akanieleza kwa heshima kabisa kwamba hakukosa kumeza hata siku moja ifikapo saa nane. Kabla ya barakoa tulikuwa tukitumia midomo, nyuso na vidole kuhakikisha tumeelewana, na vitu hivyo tulivifunika bila kuweka kingine mahali pake. Dawa ya tatizo hili haina gharama: mgonjwa arudie mwenyewe kabla ya kuondoka. "Hebu niambie, ukifika nyumbani utaimeza vipi?" Bahasha ya dawa ichorwe jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Jambo hilo linamtaka muuguzi awe na nusu dakika zaidi kwa kila mtu, na nusu dakika hiyo haipatikani palipo na muuguzi mmoja na watu themanini.

Kuhusu siku za kliniki kupunguzwa, mama, nitasema wazi kwamba hapo tulikosea, ingawa naelewa tulivyofika huko. Chanjo ya surua na rubela, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, huja katika chupa ya dozi 10, na chupa ikishachanganywa lazima itupwe muda wa saa sita ukipita, hata kama imetumika dozi moja tu. Kabla ya janga wauguzi wengi walizoea kuwakusanya watoto siku moja ya wiki ili chanjo isimwagwe. Janga likasema watu wasikusanyike. Muuguzi akabaki katikati: akifungua chupa kwa mtoto mmoja ataulizwa mwisho wa mwezi kwa nini amepoteza dozi tisa, na akiwaita watoto kumi pamoja atakuwa amevunja kanuni ya msongamano. Wengi walichagua neno jepesi, "Rudi Jumatano." Mama aliyelipa nauli iliyopandishwa kwa sababu matatu ilibeba abiria wachache, na ambaye mume wake alikuwa amekosa kazi ya kibarua tangu Machi, hakurudi Jumatano. Maoni yangu ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zilizomwagwa zinaandikwa kwenye rejista na kuhesabiwa, lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani haandikwi popote, na surua haisubiri korona ipite. Kamati yenu inaweza kumwondolea muuguzi hofu hiyo kwa kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba hatalaumiwa kwa dozi zilizobaki.

Kafyu ilileta lake. Uchungu wa uzazi haujui saa, na usiku mama alikuwa akiogopa polisi barabarani kuliko kuzaa sakafuni. Daktari Jemimah Kariuki alipoanzisha mpango wa Wheels for Life mwaka huo, wajawazito wakasafirishwa bila malipo wakati wa kafyu, na tuliona tofauti. Mpango wenu uwe na jibu la usafiri wa usiku lililoandikwa: gari la nani, nani anayepigiwa simu, nani anayelipa mafuta.

Lakini kilichonisumbua zaidi kuliko kafyu ni ukweli kutoweka kwenye mazungumzo. Mwanzoni watu waliopelekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama, na habari hiyo ilifika kila ploti ya nyumba za kupanga. Kuanzia hapo hakuna aliyekohoa mbele yetu. Watu walibana kikohozi langoni hadi macho yakatoka machozi, wakisema wamekuja kwa ajili ya tumbo. Nairobi ni mji wenye kifua kikuu kingi, na mtu anayeficha kikohozi kwa hofu ya korona anaficha pia kifua kikuu, kisha anarudi kulala chumba kimoja na watoto wanne. Kwa upande wetu, nasi tulikuwa na hofu, na mgonjwa aliyekohoa kweli alihudumiwa haraka na kwa mbali, pengine bila kusikilizwa kifua. Hofu hizo mbili zilikutana mezani na kumtoa mgonjwa katikati. Usalama wa mgonjwa wa huduma ya msingi unaanza na yeye kutuambia kweli, na hatatuambia akiona kwamba kweli yake itamgharimu. Kwa sababu hiyo nashauri mpango wenu utamke mapema kwamba hakuna atakayetozwa, kuzuiwa au kutajwa jina kwa sababu ya dalili aliyoisema langoni, na tangazo hilo libandikwe ukutani kabla ya mlipuko kufika.

Sasa nije kwenye mgomo, maana najua ndio unaowachoma wajumbe wenzako. Ulianza tarehe 7 Desemba 2020 katika kaunti nyingi na kuendelea hadi mwaka 2021. Wagonjwa waliumia, na sitakuambia vinginevyo. Watu wa presha na sukari walikosa dawa, na akina mama walihangaika kutoka lango moja hadi jingine. Ninachokuomba ni kuangalia walichodai: vifaa vya kujikinga, bima ya afya, posho ya hatari, na wauguzi zaidi. Wakati huo chanjo ya korona ilikuwa haijafika nchini. Shehena ya kwanza ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021, karibu mwaka mzima tangu mgonjwa wa kwanza. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika Siku ya Usalama wa Mgonjwa ya tarehe 17 Septemba 2020, lilichagua mada ya usalama wa wahudumu wa afya, likisema kwamba huo ni kipaumbele kwa usalama wa mgonjwa. Kituoni kwetu niliona maana yake kwa hesabu rahisi. Muuguzi mmoja alipougua, wenzake watatu wakalazimika kujitenga siku 14, na kituo kikabaki na watu wawili kwa kazi ya sita. Wiki hizo mbili tulipoteza rufaa mbili kwenye makaratasi, na mtoto mmoja nusura apewe kipimo cha dawa cha mtoto mwenye jina kama lake. Kwa hiyo wajumbe wenzako wanapotenganisha usalama wa muuguzi na wa mgonjwa, wanatenganisha vitu ambavyo kituoni vinakaa chumba kimoja. Makosa huanza pale wauguzi nao wanapodhani kwamba wao wakishakuwa salama, mgonjwa naye tayari yuko salama.

Swali lako la mwisho, la kuwauliza nini, ndilo muhimu kuliko yote. Msiwaulize "Mnahitaji nini?", kwa sababu swali hilo huzaa orodha ya manunuzi. Waulizeni, "Wakati wa korona, ni jambo gani nusura litokee hapa?" Kila muuguzi ana visa hivyo. Hakuviandika, kwa sababu katika vituo vyetu vingi anayeandika kosa hupokea barua ya kujieleza, na barua hiyo hukaa kwenye faili lake hadi siku ya kupandishwa cheo. Mtoto niliyemtaja, wa majina yanayofanana, hakuandikwa popote; aliyegundua alinong'ona kwa mwenzake, wakabadilisha kadi, wakanyamaza. Tuliijua habari hiyo baada ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu kadi za watoto ziliendelea kupangwa kwa jina la kwanza tu. Nunueni daftari la kawaida la kurasa 200, lining'inizwe chumba cha chai, kila mmoja aandike tukio la nusura bila jina lake wala la mgonjwa: nini kilitaka kutokea, nani aliligundua, nini kilisaidia. Msimamizi alisome kila Ijumaa pamoja na wote, na jambo moja lirekebishwe kabla ya Ijumaa inayofuata. Nimeliona daftari kama hilo likifanya kazi katika vituo ambavyo havina hata kompyuta, na nimeliona likifa ndani ya wiki mbili pale msimamizi alipouliza, "Huu ni mwandiko wa nani?"

Majibu yao yakishapatikana, rudini kwenye orodha mkaisome upya pamoja nao, na kila kitu kiambatanishwe na kisa. Kuna mahitaji ambayo bila shaka yataongezeka, kwa mfano pesa kidogo za simu ili wagonjwa wa presha, sukari na kifua kikuu waliokosa siku yao wapigiwe. Kwa hao, washirikisheni wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa mikoba yenye mashine ya presha, kipimajoto na simu, jambo ambalo mwaka 2020 hatukuwa nalo, na mgonjwa anayeweza kupimwa mlangoni kwake hana haja ya kukaa kwenye benchi letu siku za mlipuko.

Na mama, kikao hicho kisiwekwe asubuhi ya siku ya kliniki. Mkikiweka saa hiyo atakuja msimamizi peke yake na kuwasemea wenzake, kwa kuwa wengine watakuwa na foleni. Kiwekeni alasiri, mumwalike na yule wa zamu ya usiku wa chumba cha kujifungulia, ambaye kwa kawaida hupata habari za vikao kwenye ubao wa matangazo vikiwa vimekwisha, na mumpe nafasi ya kusema kwanza.